Mstari wa Mbele kwa Dex Halloran

Marlys Odegaard alivua kiatu cha kushoto, akakiweka juu ya kiti cha pembeni yake, kisha akamkazia macho kila aliyethubutu kusogea. Onyesho lilikuwa saa kumi alasiri. Sasa ilikuwa saa nane kasorobo, na jua la Florida lilikuwa limeshampasha utosi kama sufuria. Nyuma yake treni ya michezo ilipita juu kwenye reli zake ikinguruma, ikamwaga mayowe ya abiria, ikapotelea nyuma ya tembo mkubwa aliyeumbwa kwa maua. Tamasha la machipuo lilikuwa limefurika watu. Walipita na watoto mabegani na sahani za karatasi zilizojaa kamba wa kukaanga. Marlys hakuwaona. Alikuwa akitazama jukwaa tupu lenye maikrofoni moja na chupa ya maji.

Dada yake, Corinne, alirudi na vikombe viwili vya maji ya limau, akasimama ameduwaa.

"Marlys, umekalisha kiatu?"

"Kuna mama wa Texas alitaka kukaa. Nikamwambia kuna mtu anakuja."

"Na mtu mwenyewe ananuka soksi."

"Kaa chini, dada. Usinitie aibu mbele ya Dex."

Tangu Januari ilikuwa hivyo. Marlys, dereva wa basi la shule kule Minnesota, alikuwa ameingia ndani na theluji mabegani, akaona kwenye simu kwamba Dex Halloran ataimba katika bustani ile ya michezo, na kabla hajavua mabuti akawa ameshampigia Corinne. Walikuwa wasichana wa shule mara ya mwisho walipokaribia kumwona. Tiketi walikuwa nazo, nguo walikuwa wamezipiga pasi, halafu dhoruba ikafunga barabara ya kwenda mjini. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika, na Dex akabaki kwenye kanda tu, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye koti la ngozi, asiyezeeka wala kukohoa.

"Nakuonya mapema," Corinne alisema, akivuta kinywaji chake. "Ana miaka sabini na moja. Usije ukanililia hapa."

"Wewe ulitaka atoke na koti la ngozi kwenye joto hili?"

Alijibu kwa ukali ili kuuficha woga, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi wiki nzima. Vipi kama mtu angetoka pale akaja kumwulia yule mwingine, yule aliyeishi naye moyoni miaka yote hii?

Saa kumi ilipogonga, ngoma zikalia, na kikaja kizee kifupi chenye kitambi, shati la rangi ya chungwa na goti lililokataa kukunjika. Marlys alishika mkono wa dada yake. Kisha kizee kile kikacheka kwenye maikrofoni, kicheko kilekile cha kukwaruza kilichokuwa mwanzoni mwa kanda yake, na vinyweleo vikamsimama mwili mzima.

"Ni yeye!" alipiga kelele. "Corinne, ni yeye kabisa!"

"Naona! Unanivunja vidole!"

Hawakukaa tena. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wazima wenye kofia za jua walirukaruka, na yule mama wa Texas alicheza huku mkoba ukimpiga kiunoni. Sauti ya Dex ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito, lakini alijua pa kuiweka. Ndipo gita likapiga zile sauti nne ambazo kila mtu pale alizijua. Ulikuwa wimbo wake mkubwa, "Delphine wa Jumanne."

"Daktari wangu kaniambia huu niuache," Dex alisema. "Lakini daktari wangu hajawahi kufika hapa."

Watu wakashangilia. Aliimba beti mbili kwa upole, akakaribia pale ambapo jina la Delphine hupanda, likapanda tena, kisha hukaa juu bila kushuka. Akavuta pumzi. Akapanda. Katikati ya kupanda sauti ikakatika kama uzi. Bendi iliendelea kupiga. Dex alishusha maikrofoni, akatazama viatu vyake.

Katika upenyo ule Marlys alisikia sauti ya mwanamke, nene na isiyonyooka, ikiita Delphine kwa nguvu zote. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake.

Corinne aligeuka, mdomo wazi. Tangu Marlys akiwa na miaka kumi na minne, mwalimu wa kwaya ya kanisani, Bwana Lindquist, alipomwambia afungue mdomo tu, sauti awaachie wenzake, hakuna aliyewahi kumsikia akiimba, hata kwenye keki za siku za kuzaliwa za watoto wake mwenyewe. Sasa alikuwa amekunja ngumi na mshipa umemsimama shingoni. Mama wa Texas akadakia. Kisha safu nzima, kisha uwanja wote, mpaka treni ilipopita juu haikusikika.

Dex alingoja wamalize. Macho yalikuwa yakimmeremeta. "Nani kaanza?"

"Huyu hapa!" Corinne aliuinua mkono wa mdogo wake. "Anaitwa Marlys!"

"Marlys," alisema Dex, "umeenda kombo kidogo." Watu wakacheka. "Lakini umefika. Mimi sikufika."

Onyesho lilipokwisha, walitoka wakisukumwa na umati, Marlys akizungumza mfululizo, ameloa jasho, akicheka peke yake. Corinne alimfuata nyuma. Karibu na kibanda cha maji akasimama.

"Lindquist hakusema vile kwa akili yake. Mimi ndiye niliyemwendea."

Marlys akageuka.

"Sauti yako ilikuwa inanifunika," Corinne alisema. "Nilikuwa na mstari wa kuimba peke yangu siku ya Krismasi. Nikamwambia unatuharibia. Nilidhani ni kwa siku ile moja tu."

Marlys alijifuta jasho usoni kwa mkono. Kifua bado kilikuwa kikimdunda kwa ngoma.

"Onyesho la pili ni saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu. Marlys, hukasiriki?"

"Nitakasirika kwenye ndege. Tena sana. Sasa hivi sauti yangu ina kazi."

Foleni ilikuwa imeshazunguka bwawa. Wakasimama mwishoni kabisa. Baada ya muda Marlys akaanza kuupitia wimbo taratibu, akitafuta mahali pa kupandia. Corinne, aliyeimba sauti ya kwanza maisha yake yote, alisikiliza kidogo, kisha akaingia na sauti ya pili, chini yake.