Anayebebwa Harudi Uwanjani

Kijiko kilipaa, kikagonga pazia, na uji ukachirizika hadi sakafuni. Gloriose alibaki na bakuli mkononi, haamini macho yake. Miaka kumi na moja alikuwa akitunza wazee mjini Sydney. Alikwishatukanwa, akatemewa mate, hata kung'atwa aling'atwa. Lakini kurushiwa kijiko na mtu unayemlisha taratibu kama askofu, hilo lilikuwa jipya.

"Nani alikuambia nimekufa?" alifoka Mzee Sixten Norrby. Kiingereza chake kilikuwa bado na lafudhi ya Uswidi, ingawa aliishi Australia zaidi ya miaka arobaini. "Mikono ninayo. Mdomo ninao. Lete kijiko kingine uniachie mwenyewe."

"Mzee, mimi nakuheshimu tu."

"Basi utaniheshimu mpaka kaburini. Toka!"

Gloriose akatoka. Aliingia stoo ya magauni ya kujikinga na glavu, akalia mpaka ngao ya plastiki usoni mwake ikajaa ukungu. Ilikuwa Julai 2021, na magharibi yote ya jiji ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Kwa kuwa aliishi Smithfield, kila baada ya siku tatu ilimbidi apange foleni achokonolewe pua ndipo aruhusiwe kwenda kazini katika nyumba ya wazee ya Westmead, huku helikopta ya polisi ikizunguka juu ya paa lake utafikiri mtaa mzima umeiba kitu. Na baada ya adha zote hizo, malipo yake ni kijiko!

Muema, muuguzi wa zamu, Mkamba wa Machakos asiyejua kupandisha sauti, alimkuta humo humo.

"Dada Gloriose, kwani kumeenda aje?"

"Ni huyu mzee, kaka Muema. Mimi nimechoka, vraiment, nimechoka kweli. Namfanyia kila kitu. Namlisha, namvalisha masoksi, namsukuma kwa wheelchair. Hata baba yangu mzazi sikumfanyia hivi!"

"Sasa hapo ndio kuna shida," Muema alisema polepole. "Physio, wale wa mazoezi ya viungo, wamekatazwa kuingia tangu lockdown ianze. Hip yake iliyovunjika ilipona poa, lakini miguu imelala. Na kuna assessment tarehe kumi na tisa mwezi wa nane. Akishindwa kusimama mwenyewe na kutembea hatua kumi na mbili na walker, kile kigari cha kushikilia, ni third floor. Management washaamua."

Gloriose akaifuta ngao yake. Hakuna mfanyakazi wa nyumba ile asiyeijua ghorofa ya tatu. Milango yake hufunguliwa kwa namba, vitanda vina vyuma pembeni, madirisha hayafunguki. Chini, chumba cha Mzee Sixten kilikuwa na mlango wa kutokea uani, penye benchi na mti wa ndimu. Kule juu watu walipanda kwa lifti na kushuka wamefunikwa shuka.

Akamkumbuka babu yake, Ildephonse, katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Kwao mzee hainami. Fimbo ya babu ikianguka, wajukuu tisa walikuwa wakikanyagana kuiokota. Walimletea maji ya kunawa pale alipokaa, wakamletea chakula, wakamletea mpaka moto wa kuota. Wageni walisifu kwamba mzee huyu ana wajukuu wenye adabu. Na miaka miwili ya mwisho babu hakusimama tena. Hakuwa mgonjwa wa kitu chochote. Gloriose hakuwahi kujiuliza kwa nini, na sasa jibu lilimjia katikati ya maboksi ya glavu, likamuuma. Walimpenda mpaka akasahau kusimama.

Alirudi chumbani na kijiko safi, akakiweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili. Mzee alikula. Alimwaga robo ya uji kifuani na mikono ya Gloriose ikawasha kwa hamu ya kumfuta, akaificha mgongoni.

"Hivyo ndivyo," alisema mzee alipomaliza. "Sasa kaa, nikuambie mimi ni nani."

Alizaliwa kaskazini mwa Uswidi, katika mji wa kiwanda cha mbao, ambako ziwa huganda Novemba likayeyuka Mei. Alicheza mpira wa magongo juu ya barafu, na alikuwa beki. Hakuwa mmoja wa wale wafungaji wanaobebwa mabegani. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya goli apigwe yeye, goli lisiguswe. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kilimvunja vidole vinne na taya, kikamaliza meno ya mbele kabla hajatimiza miaka ishirini. Misimu kumi na saba, timu moja, magoli kumi na moja, na yote aliyakumbuka kwa tarehe. Timu ya taifa ilimwita mara moja tu. Alivaa jezi, akakaa benchi mwanzo hadi mwisho, akarudi kwao kwa treni.

"Ile jezi haikupata hata jasho," alisema, na hasira ilikuwa mbichi kana kwamba ameshuka treni jana.

Alipofika miaka thelathini na moja, kocha mpya alimwambia goti lake limekwisha, aende akapasue mbao. Akajibu kwamba goti ni lake, si la kocha, akacheza misimu minne zaidi. Kisha akamfuata mkewe, Maureen, huku Sydney ambako barafu watu huijua kwenye glasi. Akabeba maboksi katika ghala la vyakula vilivyogandishwa Wetherill Park, bila koti, na Jumamosi akafundisha watoto kuteleza. Maureen alikwishafariki. Watoto wa kuzaa hawakujaliwa.

"Siku moja nilipigwa goti likazunguka nyuma," aliendelea. "Wakaleta machela. Nikawafukuza. Nilitambaa mpaka benchi kwa tumbo, watu elfu nne wananitazama. Unajua kwa nini? Anayebebwa harudi uwanjani. Anayefika benchi kwa nguvu zake anaweza kurudi."

"Na ulirudi?"

"Baada ya miezi mitano. Lakini nilirudi!"

Gloriose akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu guu lilikwishavunjika, na mkuu wa kusikilizwa alikuwa yeye mwenyewe. Gloriose akamweleza habari ya tarehe kumi na tisa na ya ghorofa ya tatu.

"Utasimamaje, mzee? Nifundishe. Mimi mpira huo siujui."

Mzee akamfundisha jambo moja tu, nalo lilitosha. Barafuni mchezaji hakai hadi achoke. Anaingia, anatoa nguvu zote kwa dakika moja, anarudi benchi mwenzake anaingia, kisha zamu yake inafika tena. Kukaa si kushindwa. Kukaa ni sehemu ya mchezo, mradi uwe umefika benchi mwenyewe.

Muema alimpigia daktari, akapata ruhusa, akaiandika kwenye mpango wa matunzo na kutia sahihi. Gloriose akapanga viti ukutani katika korido, kimoja kila baada ya hatua nne. Siku ya kwanza mzee alisimama kwa pumzi tano akashuka kama gunia. Siku ya tatu alimaliza dakika nzima, anatetemeka, jasho linatiririka ndani ya barakoa. Gloriose aliangalia saa, akapiga kelele "Badili!", neno la Kiswahili alilomfundisha, na mzee akakaa. Dakika moja ya kupumzika. "Badili!" Anasimama tena. Wiki ya tatu alifika kiti cha pili.

Meneja, mama mmoja aitwaye Lorraine ambaye siku hizo alifanya kazi kutoka nyumbani kwake, alipata habari. Akapiga simu.

"Gloriose, huyo mzee hatari yake ya kuanguka ni kubwa. Akianguka, maelezo utatoa wewe."

"Nitatoa," Gloriose alijibu, na alishangaa kusikia sauti yake haitetemeki. "Nina mdomo."

Tarehe kumi na tisa ikafika. Mkaguzi hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo angetazama kupitia tableti, na Lorraine naye alikuwamo humo kwenye kioo. Muema aliitwa upande wa pili kwa mgonjwa mwenye homa. Wakabaki wawili. Mtu wa kushika tableti akawa Gloriose, kwa mikono miwili ili picha isicheze. Ndipo alipotambua jambo. Hata akitaka kumdaka mzee, hana mkono.

Mzee Sixten alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa meno yake ya bandia. Alisimama mwenyewe. Hatua ya kwanza, ya pili, ya nne. Kiti cha kwanza akakipita bila kukitazama, mjeuri yule! Ya sita, ya saba. Katika hatua ya nane kigari kilimtangulia kidogo, mguu wa kushoto ukalegea, akashuka kwa goti moja, kisha akaketi sakafuni kwa kishindo.

"Basi," alisema mkaguzi. "Tusimamishe. Ita mashine ya kumnyanyulia."

"Gloriose!" Lorraine akapaza sauti. "Weka tableti chini. Bonyeza kengele sasa hivi!"

Damu yote ya Gloriose ilimwambia akimbie. Wajukuu tisa waliruka ndani yake kwa pamoja.  Mzee akainua uso, mwekundu, na akatikisa kichwa mara moja.

"Umeumia?" Gloriose aliuliza.

"Hapana. Usiniguse."

"Gloriose, hiyo ni amri!"

"Hapana," alisema Gloriose, akakisogeza kioo karibu ili waone vizuri. "Hajaomba msaada. Yuko benchi. Ana dakika moja, na nyie mtaingoja."

 Akaangalia saa ya mkononi. Sekunde zilikwenda kwa ukaidi wake. Mzee aliburuta makalio hadi kwenye kiti cha pili, akashika ukingo wake.

"Badili!" Gloriose akapiga kelele, na kelele hiyo ilifika mpaka jikoni.

Mzee Sixten aliweka goti moja chini, akakanyaga kwa mguu mwingine, akagandamiza kiganja juu ya paja, kama alivyonyanyuka barafuni mara elfu kadhaa kabla Gloriose hajazaliwa. Alipanda kwa shida. Alitukana kwa Kiswidi. Akasimama wima. Akakivuta kigari, akahesabu kwa sauti tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

"Inatosha, Bwana Norrby," alisema mkaguzi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Zimetimia. Unaweza kukaa."

Kumi na tatu. Kumi na nne. Alikwenda hadi mlango wa uani, akausukuma, akatoka kwenye baridi ya Agosti, ndipo akaketi mwenyewe kwenye benchi chini ya mti wa ndimu. Gloriose alimfuata na tableti yake, analia waziwazi, hajali nani anaona.

Barua mbili zilikuja wiki iliyofuata. Ya mzee ilisema atabaki chumba chake cha chini. Ya Gloriose ilikuwa onyo la kwanza kwa kukataa amri, na nakala imewekwa kwenye faili lake. Alikwenda nayo chumbani imekunjwa, anaona uchungu na fahari kwa mpigo mmoja.

"Moja tu?" mzee alisema. "Mimi refa alinitoa nje zaidi ya mara mia tatu. Ungekuwa timu yetu, ungeanza kila mechi. Lete niisome."

Alipompa, karatasi iliteleza katikati ya vidole vyake vyenye glavu na vya mzee visivyo na glavu, ikaanguka sakafuni. Gloriose alikwishainama nusu. Akajizuia. Akanyooka, akaweka mikono mgongoni, akaishika kwa nguvu.

Mzee Sixten alishika ukingo wa meza. Akainama kidogo kidogo, mfupa kwa mfupa, akapumzika katikati, akainama tena. Gloriose aliangalia saa yake na kungoja. Mzee akaiokota barua, akanyanyuka nayo, akaisoma hadi mwisho, akamkabidhi kwa mikono miwili.