Safu ya Eucabeth

Nyasani hakuwa na viatu, hakuwa na baiskeli, hakuwa na saa, na tangu Jumanne hakuwa na mke. Mengine alikuwa nayo: kalamu ya serikali, hati nzuri aliyojifunza katika shule ya usiku ya misheni, na meza, ambayo Ijumaa hiyo ya mwaka 1943 watu wanne waliibeba kutoka ofisi ya chifu wa Manga hadi kizuizi cha ndui kando ya mto. Baraza lilihamishiwa huko kwa sababu marehemu hakuruhusiwa kuvuka.

Eucabeth, mke wa Nyasani, alikuwa amekufa kwa ndui nyumbani kwa mama yake, upande wa Mosocho. Kwao hawakuweza kumzika, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa wote, na mwanamke aliyeolewa hulala kwa mumewe, mkono wa kushoto wa mlango. Kwa mumewe kaburi lilikuwa tayari. Wabebaji wakanyimwa ruhusa. Basi Jumatano asubuhi Eucabeth aliamka, akafunga kitambaa kichwani, akaja mwenyewe kwa miguu.

Okoth, askari wa kizuizi, akamdai cheti. Hakuwa nacho. Akaketi juu ya jiwe ng'ambo ya mto, akasubiri kama wanavyosubiri wote wenye shida na serikali. Lori la wachuma chai lilipita karibu naye bila kusimama. Ilikuwa imekwisha kuthibitishwa kwamba ndui haipandi lori.

Chifu akafungua mjadala wa barua iliyotakiwa na Bwana Disii, mkuu wa wilaya: katika kila wagonjwa mia, ndui inaua wangapi?

"Wawili," alisema Nyamweya, mwenye duka la chumvi na mablanketi. "Soko limefungwa miezi miwili kwa ajili ya wawili. Mtu mzima na aachwe achague kitakachomuua."

"Kumi na wawili," alisema Obwocha, dresa wa zahanati. "Wewe unahesabu wanaokuja dukani. Waliokufa hawaji dukani."

"Yule pale amekuja, tena kwa miguu yake. Mhesabu mzima."

"Nimemshika mkono mwenyewe. Mshipa haupigi. Huyo ni maiti."

"Basi maiti haivuki, ni amri yenu."

"Na mzima asiye na cheti?"

"Havuki pia."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili wawili hao kukubaliana. Walinyoosha mikono wapeane, wakakumbuka kwamba hilo nalo limekatazwa.

"Mzee Chifu," akauliza Nyasani, "nimwandike wapi?"

Chifu alimweleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. Wafu hufutwa katika daftari la kodi. Wanawake hawamo katika daftari la kodi. Asiyeingia hawezi kutoka. Kwa hiyo, kiserikali, Eucabeth hajafa.

"Tena ukiongeza hata mfu mmoja," akasema, "watatufungia mwezi mwingine."

Kufikia adhuhuri wanawake wengine saba walikuwa wameketi nyuma ya Eucabeth, wanne kati yao na watoto mgongoni. Watoto hao hawakulia. Obwocha aliwatazama, akaandika kitu kiganjani, akakifuta.

"Baba Kemunto," Eucabeth alimwita mumewe. "Umeniandika?"

"Hakuna safu yako, Mama Kemunto."

"Miaka mitatu ulikuwa unarudi kutoka shule ya usiku unakuta uji moto. Hawakukufundisha kuchora mstari?"

Walikuwa wamemfundisha. Alikuwa na rula hapo mezani, na kwa mistari iliyonyooka hakuna karani wa Kisii aliyemshinda. Alimtazama chifu. Akamjibu mkewe kwamba karatasi ya serikali huja imekwisha kuchorwa.

"Haya," alisema Eucabeth, akasogea kando ili mwanamke mwingine aliyefika hivi punde naye apate pa kukaa.

Nyasani akaandika, kwa hati yake bora kuliko zote: *Wawili kwa kila mia. Wanawake, hakuna. Wananchi wametulia.* Akaikunja barua, akayeyusha lakiri nyekundu juu yake, chifu akagandamiza muhuri, na tarishi akaichukua mbio kwa Bwana Disii. Wanawake wa ng'ambo walikunja miguu apite. Okoth alimpigia saluti, na hakumuuliza cheti.