Miguu Iliyokataa Kikao

Mama mkwe wangu, Madinah, aliwaita wazee wa ukoo nyumbani kwake Koboko jua likielekea kuzama, saa ile ile ambayo miguu yangu huanza kuamka.

Si maumivu. Ni kama siafu wanatembea ndani ya mifupa, na hawatulii mpaka nisimame nitembee. Tangu nijifungue nimekuwa nikizunguka ua usiku, na majirani wameniona. Huku, mwanamke anayezunguka usiku huitwa mchawi, na mchawi hurudishwa kwao.

Wiki iliyopita mume wangu, Yasiri, alinipeleka hospitalini Arua. Daktari alitueleza taratibu: ni ugonjwa, unajulikana, damu yangu imepungukiwa madini ya chuma. Alinipa vidonge, akanionya nisivimeze na chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Yasiri aliitikia kila neno. Njiani alicheka, "Kumbe mchawi ni chai ya mama!"

Sasa alikaa ubavuni mwa mama yake, akichezea ufunguo wa pikipiki.

"Sikiza, binti," alisema ami yake, Mzee Sebit, mwanajeshi mstaafu. "Mutu safi iko naweza kaa. Kaa hapo mpaka tumalize maneno. Ukisimama mbele ya wazee, umejijibu mwenyewe."

"Baba, mimi ni mgonjwa. Daktari alisema—"

"Ugonjwa gani inangoja giza?" alidakia Madinah. "Iko na saa ya mukono?"

Wazee wakaangua kicheko.

Nilikaa. Nilikunja vidole vya miguu, nikajiuma shavu kwa ndani. Siafu wakapanda hadi mapajani. Nilimtazama Yasiri. Sentensi yake moja ingetosha, na alikuwa nayo mdomoni. Akainamisha kichwa.

Nikasimama. Nilitembea kutoka mkekani hadi ukutani, nikarudi, na Mungu anisamehe, nafuu ile ilikuwa tamu.

"Mumeona?" Madinah aliwauliza.

"Tumeona," alisema Sebit. "Arudi kwao. Mutoto akiacha ziwa, tutamuchukua."

Nilimfunga mwanangu mgongoni kwa leso. Hakuna aliyeinuka ila Yasiri, aliyenifuata mpaka langoni, mbali na masikio ya wazee.

"Jalia," alinong'ona, "usikasirike. Nitawaeleza polepole, wakishapoa."

"Yasiri, ungewaeleza nilipokuwa nimekaa."

Nikashika barabara ya kwetu. Miguu haikunisumbua hata kidogo.