Jibu Kutoka Ng'ambo ya Ukuta

Alhamisi moja ya mwezi wa Shaaban, mwaka 1998, Bi Zulekha, ambaye hakuwa amezuru kwa zaidi ya mwaka, alivua ndara zake langoni mwa makaburi ya Kwa Sharifu, Diani, akaweka chini kikapu chenye mrehani na chupa ya marashi, akawatolea wafu salamu. Wafu wakamjibu. Kwa Sharifu hujibu tangu zama za masharifu wenyewe, na watu wa Ukunda husema makaburi yale yana adabu kuliko baadhi ya walio hai. Ila siku hiyo jibu lilitoka ng'ambo ya ukuta, upande wa hoteli.

Alidhani masikio yamemchezea. Akatoa salamu tena. Wakajibu tena wote kwa pamoja, bila kuonyesha kuchoka, na kati yao alimsikia marehemu mumewe Rashad na kikohozi chake cha siku zote. Alikuwa ng'ambo.

Lakini jiwe la Rashad lilikuwa hapa, mbele ya macho yake, limepakwa chokaa na kuwekwa katika safu iliyonyooka. Zamani makaburi yale hayakuwa na safu. Yalikaa ovyo ovyo, kama watu barazani. Enzi hizo kando ya Rashad palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Rashad alikuwa amemwahidi nafasi hiyo, na siku ya maziko yake wachimbaji waliiacha. Sasa moyo wa Bi Zulekha ulikuwa umeanza kupiga vibaya, na daktari wa Msambweni alipomwambia apunguze chumvi, alielewa kwamba mazungumzo hayakuwa ya chumvi tu. Alitaka kulazwa kando ya mumewe. Haja nyingine kubwa hakuwa nayo.

Akamwita Mzee Dzombo, mwangalizi wa makaburi.

"Hoteli ilitaka nafasi ya jengo jipya," alisema Dzombo. "Mawe yakahamishwa."

"Na wenyewe?"

"Walisema wamewahamisha na wenyewe."

"Nani aliyeona?"

"Sote tulikuwa tumejifungia ndani kwa ajili ya zile fujo za mwaka jana, bi. Tulipotoka, kila kitu kilikuwa kimeshapakwa chokaa." Akamwonyesha tangi la maji na lango jipya la chuma ambavyo kamati ya makaburi ilipewa na hoteli. "Wewe soma Yasini yako. Thawabu zitajua njia."

Bi Zulekha akasoma, akilielekea jiwe. Alipokosea aya, Rashad alikohoa ng'ambo, kama alivyokuwa akifanya nyumbani. Akageukia ukutani. Kisha akaona haya kulipa jiwe mgongo, akaligeukia tena. Alimaliza bila kujua amemsomea nani.

Jioni, Bi Zulekha akiwa anapepeta mchele uani, mpangaji wake Nereah alirudi kutoka kazini. Nereah alitoka Siaya na alikuwa akitandika vitanda katika jengo jipya la hoteli ile ile. Alikuwa na malalamiko yake.

"Shikamoo, mama. Hawa wageni wangu wanageuka."

"Marahaba. Wanageuka vipi, mwanangu?"

"Mito naweka huku ukutani, ndio wakiamka waone bahari. Asubuhi napata mtu kichwa kiko baharini, miguu bara. Wote ni ubavu wa kulia, wamenyooka straiti. Meneja anasema ni mimi nachanganya mito."

Bi Zulekha akaweka ungo chini. Kibla cha pwani ile kiko kaskazini, na maiti akilazwa katika mwanandani wa kaburi kwa ubavu wa kulia akielekee, kichwa chake huwa upande wa bahari.

"Kuna akohoaye huko?" aliuliza.

"Rumu ya kumi na saba. Na haina mgeni wiki nzima. Nilidhani ni bomba."

Kesho yake Nereah alimpitisha lango la wafanyakazi, akamwambia askari kwamba huyu mama amekuja kwa kazi ya dobi. Mlangoni mwa chumba cha kumi na saba Bi Zulekha alivua ndara, akatoa salamu.

"Wa alaykum salaam," alijibu Rashad kutoka chini ya kitanda. "Jana ulikosea."

"Nilichanganyikiwa. Sikujua nimsomee nani."

"Kule hakuna mtu."

"Na mahali pangu?"

Rashad akakohoa kwa muda mrefu. "Fungua huo mlango wa kushoto," alisema.

Nereah akaufungua. Lilikuwa bafu, lenye vigae vya kijani na hodhi jeupe la kuogea lenye urefu wa mtu mzima. Bi Zulekha alilitazama, kisha akaketi ukingoni mwake akalia. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, wala hakujizuia. Nereah akampa taulo ya hoteli.

"Pole, mama," alisema. "Kwetu mtu anazikwa kwake bomani. Hakuna wa kumsongeza."

Haji, mwana wa Bi Zulekha, akalishika jambo hilo. Kamati ilimpeleka kwa hoteli, hoteli ikampeleka ofisi za serikali, ofisi moja ikampeleka kwa nyingine, na ya mwisho ikamwambia arudi baada ya Idi. Hakuna aliyebisha kwamba wafu walikuwa wakijibu kutoka hotelini. Karani mmoja hata alisema amewasikia mwenyewe, siku aliyokwenda kuogelea na watoto. Idi ilipopita, Bi Zulekha hakuwapo tena.

Mazishi hayangoji. Jeneza lilipofikishwa lango la hoteli, askari alikataa kufungua, akaomba radhi kwa heshima, na jeneza likageuzwa. Wakamchimbia kando ya jiwe la Rashad. Mchanga wa upande wa jiwe ulikuwa mgumu, haujaguswa na jembe tangu dunia iumbwe, na wachimbaji waliliona hilo, wakaendelea. Haji aliliona pia. Alishuka kaburini akampokea mama yake, akamlaza ubavu wa kulia.

Hotelini Nereah sasa huweka mito upande wa bahari tangu jioni. Meneja amemsifu. Wageni wa jengo jipya husema hawajapata kulala usingizi mzito kama ule popote.

Ijumaa iliyofuata mazishi Haji alikwenda kumzuru mama yake. Alivua viatu langoni, akatoa salamu. Wakajibu ng'ambo ya ukuta, wengi kwa pamoja, na baba yake akakohoa. Kwenye safu zile nyeupe alijibu mmoja tu, mama yake, kwa sauti ya juu kidogo, ili asikike hotelini.