Kigari cha Kornelia

Vigari viwili vya mtoto vilisimama bega kwa bega kwenye maegesho nyuma ya nyumba ya Nyanchama, mjini Columbus, na majani ya vuli yalikuwa yameshaanza kukaa ndani yake kama abiria. Kimoja kilikuwa kikubwa, cheusi, chenye magurudumu matatu ya kujazwa upepo mfano wa baiskeli. Cha pili kilikuwa chepesi, cha kitambaa cha buluu, na magurudumu yake ya plastiki hayakuzidi sahani ya kikombe cha chai.

"Chukua hiki kidogo," Nyanchama akasema.

"Esperance anataka kile kikubwa."

"Najua anachotaka, Jolie. Wewe chukua hiki kidogo."

Alisema hivyo akiwa ameinama, anapukusa majani kwenye kiti. Nyanchama ni muuguzi. Tuliwahi kukaa nyumba moja kule Shively, pembeni mwa Louisville, yeye akisoma na mimi nikipanga vifurushi ghalani, na katika miaka ile nilijifunza jambo moja juu yake: akiacha kukutazama usoni, ujue ameona kitu ambacho wewe hujakiona.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, mwaka 2014. Kesho yake nilitakiwa kupanda basi kwenda Buffalo kwa mdogo wangu, na dereva wa basi asingenikubalia kupakia zaidi ya kigari kimoja.

Esperance na mimi ni wa tumbo moja. Tulitoka kijijini kwetu Walungu pamoja, tukakaa kambi ya wakimbizi pamoja, kisha safari ya Amerika ikatugawa: mimi nikapelekwa Louisville, yeye na mumewe Birindwa wakapelekwa Buffalo. Waliishi Lackawanna, mji wa jirani uliobaki na jina la viwanda vya chuma baada ya viwanda vyenyewe kufungwa. Birindwa alipata kazi kwenye bohari moja huko Cheektowaga na alikuwa akichukuliwa na wenzake kwa gari. Wao wenyewe hawakuwa na gari. Kiangazi kile wakapata mtoto wa kike, wakampa jina la mama yetu, Kornelia.

Kornelia alizaliwa na moyo wenye kasoro na mapafu yaliyochoka kabla ya kuanza kazi. Alipotolewa hospitali alitoka na mrija chini ya pua, na mrija ule ulikwenda kwenye mtungi wa oksijeni. Kila wiki ilibidi arudishwe kwa basi mjini Buffalo kwa madaktari. Kumbeba mgongoni kwa kitenge, kama sisi sote tulivyobebwa, haikuwezekana, kwa sababu kifua chake hakikutakiwa kubanwa.

Basi tangu majani yalipoanza kubadilika rangi, simu za mdogo wangu zilikuwa na habari moja tu: pusete, yaani kigari cha mtoto.

"Yaya," aliniambia, maana kwetu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "hapa banasema theluji inaangukaka mpaka ku magoti. Pusete ya mapine kidogo itakwama. Inaomba ile yenye iko na hewa ndani. Tena inaomba nafasi ya mtungi huku chini, na mufuniko wa kuzuia upepo lakini wenye mutoto anaweza pumua."

Alikuwa ametazama kwenye simu yake video zote za akina mama wa nchi za baridi wakisukuma watoto barabarani. Alijua kwa nini gurudumu la mbele lifungwe lisizunguke ovyo, kwa nini mtoto alale chali, kwa nini breki iwe pana ya kukanyagwa na buti. Mtu ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli aliongea kama fundi. Vigari kama hivyo dukani, kwa bei yake, vilikuwa vya watu wengine, si vyetu. Nikamweleza Nyanchama, naye akaulizia kanisani kwake, na familia mbili zikampa vile viwili bure.

"Njoo ndani," akaniambia sasa. Alimimina chai, akaniuliza maswali. Mtoto anatoka jasho anaponyonya? Anatoka. Midomo inageuka rangi? Akilia sana, ndiyo. Anaongezeka uzito? Nikasema Esperance hapendi swali hilo. Madaktari wamezungumza habari ya upasuaji? Walizungumza mwanzoni, nikamjibu, kisha wakaacha kuzungumza.

Nyanchama alizungusha kikombe chake mezani.

"Wakiacha kuzungumza, Jolie, huwa kuna sababu. Huyo mtoto hatamaliza msimu huu wa baridi. Pole sana, lakini afadhali uambiwe na mimi. Hicho kikubwa hakikunjiki na mtungi ndani, na dereva wa basi la mjini kule atawakataa. Hiki kidogo unakikunja kwa mkono mmoja. Itakuwa ni hospitali na nyumbani, hospitali na nyumbani. Si matembezi."

"Na theluji?"

Akasukuma kikombe kando. Tulijua sote wawili. Kile kilichoweza kupita kwenye theluji hakikuweza kupanda basi la mjini, na kile kilichoweza kulipanda hakikuweza kufika kituoni.

Nilichukua kikubwa, nikakikunja kitupu kikaingia kwenye mizigo ya basi. Sikudhani Nyanchama amekosea. Ila ningeshuka na kile kidogo, Esperance angekiona kabla hata ya kunikumbatia, na angesoma yote niliyoambiwa Columbus.

Esperance alinipokea kituoni pamoja na Birindwa. Hakunikumbatia, alipiga magoti penye baridi, akabonyeza magurudumu kwa vidole gumba, moja baada ya jingine, akacheka.

"Iko na hewa!"

Siku mbili tatu baadaye theluji ya kwanza ilipita, nyepesi kama unga uliomwagika. Tulimfunika Kornelia, tukauweka mtungi kwenye kikapu cha chini, tukatoka. Hatukuwa na pa kwenda. Tulipita msikiti wa Wayemeni, tukapita duka la mikate, tukafika pale ambapo ua mrefu wa waya unazunguka uwanja mtupu wa kiwanda. Mtoto alilala chali, macho wazi. Alikuwa na macho makubwa kuliko uso wake, na aliyatumia kwa bidii, kama mtu aliyepewa muda mfupi wa kukagua nyumba. Esperance alisukuma mgongo umenyooka. Mzungu mmoja mzee aliyekuwa akifagia ngazi zake alisema mtoto ni mzuri, na mdogo wangu akamjibu "thank you" kwa sauti ya mwenye mali.

Hiyo ndiyo saa moja ya furaha niliyoishuhudia katika nyumba ile, na siipunguzi.

Jioni hiyo Birindwa alinikuta jikoni ninaosha sombe, yale majani ya muhogo. Alisimama mlangoni na koti lake la kazi.

"Shemeji, unajua?"

"Ninajua."

"Bon. Basi tunyamaze. Yeye angali anatumaini."

Tukanyamaza. Tulikuwa hodari wa kunyamaza. Tulizungumza juu ya buti, juu ya bili ya gesi, juu ya kwaya ya kanisa.

Kisha dhoruba ikaja. Wale waliokuwa Buffalo mwaka ule hawahitaji kusimuliwa. Upepo ulitoka ziwani ukiwa umebeba theluji, ukaimwaga kwenye ukanda mmoja tu wa nchi, na Lackawanna ilikuwa katikati ya ukanda huo. Birindwa alikuwa kazini. Bohari ilifungwa wafanyakazi wakiwa ndani, barabara za Cheektowaga zikiwa hazionekani, akalala juu ya maboksi. Asubuhi nilipofungua mlango, nje hapakuwa na nje. Palikuwa na ukuta mweupe wenye alama ya mlango wetu, kitasa na vyote, kama muhuri.

Mashine ya oksijeni ya nyumbani iliendelea kunguruma, umeme haukukatika. Lakini mchana Kornelia alikataa maziwa. Baadaye akakataa hata kulia. Midomo yake ikawa na rangi ya zambarau. Nilipiga namba ya dharura. Mwanamke mpole akaniambia magari hayapiti, wanatafuta njia, nisikate simu, kisha laini ikakatika yenyewe.

Tulikaa kitandani, mtoto katikati yetu. Dirisha lilikuwa limefunikwa nusu, na mwanga uliopita juu ulikuwa wa kijivu.

"Nyanchama alikuambia," Esperance akasema. Halikuwa swali.

Nikalivuta blanketi la mtoto.

"Na Birindwa alikuambia munyamaze. Munanificha kitu yenye miye nilijua wa kwanza. Docteur aliniambia siku ile ile alizaliwa, kabla Birindwa afike. Nikasema, nisimwambie bwana yangu, ataumia."

"Esperance..."

"Acha, yaya. Siko nakasirika."

Nikamtazama. Miezi yote ile ya simu, mapine, mifuniko, breki za buti.

"Sasa mbona ulihangaika hivyo na pusete kubwa?"

Alikuwa akimpapasa mtoto nywele, ambazo zilikuwa laini na chache.

"Ile ya kidogo ni ya kwenda hospitali na kurudia. Donc, mutoto wangu ajue tu basi na dari ya hospitali? Nilitaka atembee. Hata mara moja. Aone vile inje iko."

Nikaurekebisha mrija chini ya pua ya mtoto. Watu watatu wazima tulikuwa tumebeba jambo moja nyumba moja, kila mmoja akimkinga mwenzake, na yule mdogo kabisa kati yetu, mtoto, ndiye aliyekuwa akiishiwa hewa.

Mlango uligongwa kwa koleo. Alikuwa mzee wa Kiyemeni wa nyumba ya pili pamoja na wanawe. Walikuwa wamechimba njia nyembamba tangu kwao, kuta zake zikipita vichwa vyetu. Wazimamoto wamefika barabara kubwa kwa pikipiki za theluji, akatuambia kwa ishara zaidi ya maneno, lakini hawawezi kuingia mtaani. Tuwafuate.

Esperance alimlaza Kornelia kwenye kigari, akamfunika, akakifunga kile kifuniko alichokuwa amekichunguza kwa wiki nyingi. Tukaweka mtungi chini. Akasukuma. Gurudumu la mbele likaingia kwenye theluji na kupotea. Akavuta nyuma, akasukuma tena. Yale ya nyuma nayo yakazama. Hewa yake yote haikufaa kitu. Sijui kama kimewahi kutengenezwa kigari cha theluji ya namna ile.

Hakulia, hakulalamika. Alifungua vifungo vya koti lake, akamtoa mtoto, akamweka kifuani, akafunga tena mpaka shingoni. Mimi nikaubeba mtungi mikononi na kumfuata, mrija ukiwa umenyooka kati yetu, na kila alipoharakisha ilinibidi niharakishe. Kigari tulikiacha pale pale kimeinamisha kichwa.

Jambo linalonikaa moyoni zaidi ni la mjini. Walipotutoa kwenye ukanda ule na kutuingiza kwenye gari la wagonjwa, tulikwenda mwendo mfupi tu, tukavuka kama mstari, na theluji ikaisha. Mitaa ya hospitali ilikuwa mikavu. Watu walivuka barabara na vikombe vya kahawa. Mwanamke mmoja alikuwa anafunga kamba za kiatu kando ya njia, polepole, kama siku yoyote.

Kornelia alifariki kesho yake, mchana, mikononi mwa mama yake. Birindwa alikuwa bado amezingirwa Cheektowaga. Nilishika simu karibu na sikio la mtoto, naye akamsemesha kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, ambayo mtoto hakuwa na muda wa kujifunza. Aliendelea kumsemesha hata baada ya muuguzi kuzima mashine. Hakuna aliyeweza kumwambia. Mwishowe Esperance akachukua simu mkononi mwangu, akasema "Papa Kornelia," akanyamaza, na upande wa pili nao ukanyamaza.

Joto likarudi kwa ghafla. Katika siku chache theluji yote iligeuka maji, mifereji ikafurika, na tukamzika kwenye tope, viatu vyetu vya kanisani vikivutwa na ardhi kila hatua. Kigari kilijitokeza uani, kiti kimelowa. Birindwa alikiweka kando ya barabara asubuhi moja na jioni hakikuwepo.

Nilirudi Louisville. Birindwa alikwenda Columbus kufuata kazi, akisema angemwita mkewe akishapata nyumba. Alipata nyumba. Esperance hakwenda, alisema hawezi kumwacha mtoto peke yake Lackawanna. Akaanza kazi ya kutunza wazee, na kila Jumapili tulizungumza kwenye simu, zaidi juu ya hali ya hewa, maana ndiyo mada iliyobaki salama.

Mwaka uliofuata theluji ilichelewa Buffalo. Ikapita Novemba, ikaingia Desemba, na ardhi ilikuwa bado kavu. Jumapili moja alinipigia akiwa dirishani; nilisikia sauti za watoto barabarani.

"Yaya, inje ni kama kwetu," akaniambia. "Jua inatoka. Bamama banatembeza batoto bila hata manteau ya baridi."

Nikamwuliza kama yeye hatoki kidogo.

"Apana," akasema. "Miye niko naangalia."