Kapeti la Ngokolo

Mjinga wa siku ile alikuwa Masalu mwenyewe, na nafasi hiyo hakumwachia mtu mwingine. Asubuhi yote alikuwa amepiga magoti, kopo la gundi ya fundi viatu pembeni, akibandika kapeti la plastiki kwenye sakafu ya chumba alichopanga mtaa wa Ngokolo, mjini Shinyanga.

"Baba Dorika, mpangaji hutandika, habandiki," mkewe Paskalina alimwambia kutoka mlangoni. "Kitanda kitalishika. Siku ya kuhama unalikunja, unalitia begani."

"La kutandika linajikunja pembe kama chapati ya jana, mke wangu."

Huko Geita, Masalu alikuwa fundi wa matimba, akikaza magogo ndani ya mashimo ya dhahabu ili udongo usiwaangukie wenzake. Mashimo hayakumpa dhahabu. Yalimpa mgongo mbovu na tabia ya kukaza kila kitu.

Kapeti lenyewe walilichagua kama wanaochagua mchumba. Bei ilikuwa imepanda tena. Muuzaji aliisingizia dola, kana kwamba dola ndiyo iliyolibeba mgongoni hadi Shinyanga. Lile jembamba Paskalina alilikunja kwa vidole, likaacha mstari mweupe, akalirudisha. Wakachukua zito, la mgongo wa kitambaa, lenye michoro ya marumaru. Halikuwa la urembo. Sakafu ya chumba kile ilikuwa imepasukapasuka, kila masika unyevu unapanda na unga mweupe kama chumvi, na Dorika, aliyejifunza kutambaa humo, kifua hakikumwacha. Mwenye nyumba alikuwa ameombwa tangu mwaka juzi apige sakafu upya. Kila mara alijibu kwamba saruji imepanda.

Mchana kapeti likawa limelala kimya, halina hata kipele. Paskalina alilifuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akaivisha miguu ya kitanda vipande vya kandambili kuukuu ili isilichubue. Kisha akatoa sheria: viatu nje, jiko la mkaa nje, na anayetaka kuburuta meza aanze kujiburuta mwenyewe.

Alasiri akaja Mama Esta, mwenye nyumba. Alivua viatu bila kuambiwa, na Masalu akafurahi kama aliyepewa cheti.

"Mwadila, mayu!" alimwamkia kwa Kisukuma. "Karibu ukanyage marumaru!"

Mama Esta akakanyagakanyaga. "Kimekuwa chumba cha watu kweli. Basi, Baba Dorika, mwezi ujao kodi inapanda. Kuna bwana mmoja wa dhahabu anatafuta chumba chenye sakafu nzuri."

"Mama, uzuri huo si nimeuleta mimi?"

"Kapeti ni lako. Sakafu ni yangu."

"Basi tunahama nalo!"

Mama Esta akainama, akajaribu kuinua pembe kwa ukucha. Haikuinuka. Akacheka hadi akashika ukuta. "Wewe ni fundi, baba. Haya, litoe tuone."

Masalu akavuta kwa nguvu zake zote za mgodini. Plastiki ikachanika, kitambaa kikabaki sakafuni. Akaachia, ametoka jasho kama aliyekuwa shimoni.

Akaitwa mwenyekiti wa mtaa, Herman, ambaye naye ana vyumba vya kupangisha mtaa wa pili. Aliingia na viatu vyake, akaketi.

"Kilichoshikana na nyumba ni cha nyumba," alisema. "Kama bati, kama mlango. Anayehama anakiacha. Huo ndio utaratibu."

"Utaratibu wa wapi, mwenyekiti?" Masalu aliuliza.

"Wa hapa. Umelibandika mwenyewe, nani alikutuma?"

Masalu akatazama mikono yake iliyojaa gundi. Kitandani Dorika akaanza kukohoa, kile kikohozi chake kirefu cha kukwaruza, na Paskalina akamwinua, akamweka begani, akamsogelea Mama Esta.

"Kapeti tumekuachia, mama. Na hiki kikohozi, mwanangu alikiokota kwenye sakafu hii hii yako. Chenyewe utakuja kukichukua lini?"