Sikio la Bati

Mkaguzi aligonga bati kwa ukucha mara mbili. Likalia kama kikombe kitupu.

"Hili linatoka," alisema.

Mama Bati alikuwa amepiga goti upande wa pili wa gurudumu, spana mkononi, na hakuinuka. "Linatoka linakwenda wapi?"

"Mama, usinichekeshe nikiwa kazini. Waraka umeusoma."

Alikuwa ameusoma. Watu wote saba wa karakana walikuwa wameusoma, wakipokezana simu moja yenye kioo kilichopasuka, siku tisa kabla ya mbio hizi za magari, za sita msimu huu. Ulikuwa na mistari minne. Kuanzia mbio za sita, kwa sababu za usalama, vifaa vyote vinavyopeleka hewa kwenye breki viwe vya nyuzi za kaboni, vilivyookwa katika tanuri lenye cheti cha Kamati ya Ufundi. Vya bati au chuma cha aina yoyote haviruhusiwi. Chini yake sahihi ya mwenyekiti, na muhuri.

Tanuri lenye cheti lilikuwa moja tu nchi nzima, nalo lilikuwa ndani ya uzio wa Timu ya Bluu. Bosi wa karakana alipopiga simu kuomba waokewe vipande viwili, alijibiwa kwa upole kwamba foleni ya tanuri imejaa hadi mwisho wa msimu.

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo: mdomo mpana mbele, shingo nyembamba nyuma, kinakaa kando ya gurudumu la mbele, kinakinga upepo na kuusukuma kwenye diski ya breki. Karakanani walikiita sikio. Mama Bati alikuwa amelikunja kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akikunja mabirika, na aliharibu masikio kumi na moja kabla ya kupata jozi iliyomridhisha. Magari ya fahari breki zikianza kulegea mzunguko wa thelathini, gari lao, kuukuu kuliko yote uwanjani, lilikuwa bado linasimama pale dereva alipotaka lisimame. Baada ya mbio tano walikuwa wa sita kati ya timu kumi na mbili. Timu nane za juu hubaki daraja la kwanza mwaka unaofuata. Karakana inayoshuka daraja hukimbiwa na mdhamini, na karakana iliyokimbiwa na mdhamini hufungwa. Hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kosa lao, kama lilikuwa kosa, lilikuwa kuuliza.

"Tusije tukaumbuliwa mbele za watu kwamba tumefanya ujanja," bosi alisema kabla msimu haujaanza. "Kanuni zinaturuhusu kuiuliza Kamati kwa maandishi. Tuulize."

Kanuni ziliagiza swali liambatane na mchoro unaofanana na kifaa kwa kila kipimo. Mama Bati alichora Jumamosi mbili mfululizo, kwa penseli, kwenye karatasi yenye miraba. Tatizo lilikuwa sikio la kushoto. Karibu na shingo lilikuwa na tundu la milimita sita lisilo na kazi yoyote: drili ilimteleza mkononi, na bati lilikuwa la mwisho. Alikuwa amelisugua kingo kwa tupa na kuliacha hivyo.

"Na hili nalo nichore?"

"Chora. Wametaka ukweli, wape wote, hata makovu."

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na sita: Kifaa kinaruhusiwa. Alilitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na nakala ya mchoro, akaubandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vifaa.

Sasa alikifungua kifuniko, akautoa mfuko, akamnyooshea mkaguzi.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Ya mwenyekiti."

"Na ya kwenye waraka?"

"Ya mwenyekiti."

"Nimsikilize mwenyekiti yupi?"

"Wa mwisho," mkaguzi alisema. Hakuwa mtu mbaya. Mara mbili msimu ule aliwahi kumwazima Mama Bati koleo lake. "Bati likikatika kwa kasi ile linaweza kumjeruhi mtu, Mama. Ndiyo hoja yao."

"Limeshakatika lini?"

"Halijakatika."

"Na breki zikiisha?"

"Mimi napima. Situngi." Akatazama saa. "Nina magari manne bado."

Mama Bati alitoboa ribiti moja moja, masikio yakatoka, akayaweka juu ya kitambaa. Pale yalipokuwa yameshikiliwa palibaki matundu manane kwenye ubavu wa gari, na mkaguzi akaweka alama ya vema kwenye fomu yake.

Dereva alikuwa mdogo wake Mama Bati, tumbo moja. Mafundi walimwita Polepole kwa sababu alizungumza kama mtu anayetafuta mahali pa kuketi. Alilizunguka gari, helmeti kwapani, akainama kutazama.

"Dada, umelinyoa."

"Limenyolewa. Sikiliza. Usikanyage breki mwisho wa barabara ndefu kama ulivyozoea. Anza mapema, kwenye kibao cha pili, usingoje cha tatu kilicho karibu na kona. Pedali ikianza kuzama, rudi ndani."

"Nikirudi tunapata pointi ngapi?"

"Hakuna."

"Basi hilo la kurudi hujaniambia."

Bosi alisimama nyuma yao, simu bado iko sikioni ingawa aliyekuwa akiongea naye alikwishakata. "Mwenyekiti anasema kanuni ni ile ile kwa timu zote," alisema. "Anasema tushukuru tumepewa siku tisa."

Mzunguko wa ishirini na sita, sauti ya Polepole ilikuja kwenye spika ya redio. "Pedali inakwenda chini. Naikanyaga mara tatu ndipo inashika."

"Rudi," dada yake alisema.

"Tuko wa ngapi?"

Bosi alitazama ubao. "Wa saba."

"Haya," alisema Polepole, na hakurudi.

Magari ya bluu yalimpita mzunguko wa thelathini na moja, yote mawili, mahali pamoja, mwisho wa barabara ndefu. Msimu mzima yalikuwa yakianza kufunga breki kwenye kibao cha pili. Leo yalifika hadi cha tatu. Mama Bati aliliona hilo na kulihifadhi kichwani bila kulielewa.

Mzunguko wa thelathini na nne, Polepole alifika kwenye kona ile, magurudumu ya mbele yanatoa moshi mweupe, na gari halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja likapita nyasi, likapita changarawe, likaukumbatia ukuta wa matairi. Mama Bati alikuwa amehesabu hadi kumi na nne spika ilipokwaruza.

"Niko sawa," alisema Polepole. "Kiganja tu. Dada, niliikanyaga mara nne."

Jioni ile msimamo wa msimu uliwaonyesha wa nane, pointi moja juu ya wa tisa, mbio nne zimebaki. Gari likavutwa kwa winchi na kurudishwa likiwa na pua iliyobonyea. Mama Bati alipokuwa akilifuata alipita kando ya ua ambamo magari yaliyoshinda huwekwa nyuma ya kamba kungoja ukaguzi. Hairuhusiwi mtu kuyagusa. Gari la bluu lililoshinda lilikuwa limeegeshwa mwanzoni, hatua moja kutoka kwenye kamba.

Lilikuwa na sikio. Jeusi, linang'aa, la kaboni. Mdomo mpana, shingo nyembamba. Hata mkunjo mdogo wa kuingia ndani ulikuwepo, ule ulioletwa na mfuko wake wa mchanga. Na karibu na shingo palikuwa na tundu la milimita sita. Halikuwa na skrubu wala ribiti. Alizunguka kwa nje ya kamba hadi upande wa kulia. Hata huko lilikuwepo. Walikuwa wametoboa pande zote mbili ili zilingane.

Alinyoosha mkono kupima tundu kwa kidole cha mwisho.

"Mama! Rudi nyuma!" Mlinzi alikuja mbio. "Gari haliguswi hili."

"Niitie mkaguzi."

Mkaguzi alikuja, akachutama, akamulika tochi. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Tundu hili lina kazi gani?" Mama Bati aliuliza.

"Sijui."

"Mwulize mwenyewe huyo."

Injinia wa Timu ya Bluu alikuwa akipita, shati limenyooka, chupa ya maji mkononi. Mkaguzi akamwuliza. "Linasaidia mtiririko wa hewa," injinia alijibu, bila kutazama tundu.

"Kwa kiasi gani?" aliuliza Mama Bati.

Sasa alimtazama, kuanzia viatu. "Hiyo ni siri ya timu, mama."

Akaondoka. Mkaguzi alichomoa karatasi kwenye jalada lake, akampa Mama Bati bila kumwangalia usoni. "Pingamizi hupelekwa ndani ya saa moja. Jaza vizuri."

Aliisoma akiwa amesimama. Jina la timu. Kanuni iliyokiukwa. Kifungu cha tano: ambatisha mchoro kamili wa kifaa chako, wenye vipimo vyote. Kifungu cha sita: peleka kwa Mwenyekiti, Kamati ya Ufundi.

"Una kalamu?" alimwuliza mkaguzi.

Alipoinua macho kuipokea, mfanyakazi mmoja wa Timu ya Bluu alikuwa anaukaribia ua, karatasi ya stika za mdhamini mkononi. Mlinzi alimwinulia kamba apite. Kijana akabandua stika moja, akaibandika juu ya tundu, akailainisha kwa kidole gumba. Kisha akazunguka kwenda upande wa pili.